Saa Moja ya Mama: Mtihani wa Kusoma Kiingereza (Sehemu ya 14)

Mama zangu, na akina baba wachache mnaojificha humu, leo siandiki kuhusu homa wala chanjo. Wiki iliyopita niligusia tu kwamba nimewahi kufanya mtihani wa Kiingereza mara mbili, na tangu siku hiyo swali ni moja, hasa kutoka kwa wadogo zangu mlioko vyuo vya uuguzi na nyie mlioajiriwa juzi juzi mkiwa na watoto wadogo: "Dada nesi, ile sehemu ya kusoma unajiandaaje?"

Nitajibu, ila najua wengi mnasubiri majina ya vitabu. Mimi nasema hivi: mama mwenye mtoto mdogo, kitu cha kwanza anachohitaji ili afaulu mtihani ule ni saa moja ambayo hakuna mtu anamwita. Vitabu vinapatikana. Hiyo saa kwenye nyumba zetu haipo, na haiji yenyewe.

Kwanza mtihani, maana kuna wanaousikia kwa mbali tu. Muuguzi anayetaka kusajiliwa Uingereza lazima aonyeshe baraza la uuguzi la kule kwamba Kiingereza anakiweza. Wengi wetu tunapitia IELTS, ile ya kitaaluma, au OET ambayo imetengenezwa kwa watu wa afya. Kwenye IELTS sehemu ya kusoma ni vifungu vitatu virefu, maswali 40, dakika 60. Vifungu vinaweza kuwa vya popo, vya historia ya kioo, vya mji uliozama baharini. Hawana habari kwamba wewe ni nesi. Baraza linataka alama 7 kwenye kusoma, na hiyo 7 inakuja ukipata kama maswali 30 kati ya yale 40. OET nayo ni dakika 60, maswali 42, ila imekatwa: dakika 15 za mwanzo unapewa maandishi manne mafupi ya ugonjwa mmoja na maswali 20, unatafuta majibu mbio mbio, muda ukiisha hurudi tena huko. Zile 45 zinazobaki ni za vipande vidogo sita na vifungu viwili virefu. Hapo wanataka herufi B.

Mara ya kwanza nilifanya IELTS nikiwa na mtoto wa miezi saba. Nilikuwa nimejiandaa miezi mitatu, na nilikuwa naamini nimejiandaa kweli. Nilisoma kwenye daladala. Nilisoma huku mtoto ananyonya, simu mkono wa kulia. Nilisoma jikoni ugali ukiwa motoni. Nikitoka zamu ya usiku nasoma kurasa mbili ndipo nalala. Ukihesabu zile dakika, ni nyingi mno. Ada ya mtihani ilikuwa karibu sawa na mshahara wangu wa mwezi mzima, kwa hiyo msidhani nilikuwa nacheza.

Siku ya mtihani kifungu cha kwanza nilikifanya vizuri. Cha pili nikaanza kusoma mstari mmoja mara tatu tatu. Cha tatu, jamani, nilikuwa naona herufi tu. Kichwa kilikuwa kinasubiri kuitwa. Nawaambia ukweli, nilikuwa kwenye chumba kimya, watu wote kimya, na mimi masikio yamesimama kama mtoto atalia muda wowote. Maziwa yakaanza kutoka. Maswali sita ya mwisho nikayaacha wazi kabisa, na huo ulikuwa ujinga mwingine kwa sababu IELTS haikati alama kwa jibu la kukosea. Hata ungebahatisha.

Nikapata 6.5. Mlango ulitaka 7.

Mama mkwe wangu, ambaye nampenda sana, akaniambia labda haikuwa riziki yangu. Nilinyamaza kwa heshima, lakini moyoni nilikasirika mpaka leo nikikumbuka. Riziki ilihusikaje? Tatizo lilikuwa kwamba kwa miezi mitatu yote sikuwahi hata siku moja kukaa dakika 60 mfululizo nikasoma kitu kimoja. Hata siku moja! Nilikuwa nimeufundisha ubongo wangu kusoma dakika nne nne, halafu nikaupeleka kwenye mtihani wa saa nzima. Ni kama mtu anayefanya mazoezi ya kutembea mpaka dukani, kisha siku ya siku anaambiwa akimbie kilomita 20.

Mwaka 2021 Waziri wa Afya wa Kenya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, alisema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waende Uingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Mnakumbuka watu walivyocheka mitandaoni? Eti Wakenya wenye Kiingereza chao wameanguka Kiingereza. Mimi sikucheka. Wauguzi wale wamesoma kwa Kiingereza tangu wadogo kuliko sisi, wanaandika faili za wagonjwa kwa Kiingereza kila siku. Ukiona watu wa namna hiyo wanaanguka kwa wingi vile, usiulize kama wanajua Kiingereza. Uliza walikuwa wanaishije wiki zile za kujiandaa, na nani alikuwa anashika watoto.

Sawa, si saa tu. Kuna na tabia yetu ya kusoma, na hapa wanafunzi wa uuguzi nisikilizeni vizuri.

Sisi wa shule za serikali tumesoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza unakutana na baiolojia nzima kwa Kiingereza. Tulipona vipi? Kwa kukariri. Mwalimu anaandika ubaoni, tunanakili, tunameza, tunatapika kwenye mtihani. Tukafika chuo cha uuguzi, mambo yale yale, sasa kwa jina la madesa. Nilimaliza stashahada yangu miaka mitatu, na nikihesabu vitabu nilivyovisoma kurasa kumi mfululizo bila kuruka, vidole vya mkono mmoja vinatosha. Na nilifaulu! Kwa hiyo hakuna aliyeniambia kwamba kusoma bado sijui.

Mtihani ule desa halikusaidii, kwa sababu kila kifungu ni kipya na jibu limo humo humo kwenye karatasi. Wanachopima ni kama unaweza kuingia kwenye maandishi usiyoyajua, ukachukua kile kilichoandikwa, ukatoka. Kuna sehemu moja mjini nililipia twisheni ya wiki sita. Tukapewa orodha ya maneno magumu 500 ya kukariri, na mwisho wakatuuzia kile walichoita majibu ya mtihani unaokuja. Hakuna hata moja lililotokea. Pesa yangu ilienda hivyo hivyo. Ukiona mtu anakuuzia majibu, ondoka, hata kama ni rafiki yako.

Kilichonimaliza zaidi mara ya kwanza ni yale maswali ya Kweli, Si Kweli, na Haikutajwa. Hayo yanawaangusha manesi kuliko watu wengine, na sababu yake inachekesha: tunajua sana. Nawapa mfano niliotunga mwenyewe. Kifungu kinasema akina mama wengi wa kijiji fulani walianza kuwapa watoto maji wakiwa na miezi mitatu, na sababu waliyotoa ni joto. Kisha unaulizwa: watoto wanapaswa kunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Nesi yeyote, mkono unaenda wenyewe kwenye Kweli. Nawaambia hilo hapa kila wiki! Lakini kifungu hakikusema hivyo. Kimeeleza tu watu walifanya nini. Jibu ni Haikutajwa. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba mle ndani mimi si nesi, ni msomaji tu, na nisichokiona kwenye karatasi hakipo.

Na hii, mama zangu, haiishii kwenye mtihani. Wodini tunafanya kosa lile lile. Unasoma mwongozo haraka, jicho linaona unachokijua, linaruka kilichoandikwa. Chukueni sindano ya magnesiamu salfeti, ile tunayompa mama mwenye kifafa cha mimba. Mwongozo unasema kabla ya dozi inayofuata hakikisha mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo umetoka angalau mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Kwa Kiingereza neno lililobeba maisha pale ni "at least", maneno mawili madogo kabisa. Kuna na "unless", isipokuwa. Kuna na "withhold", zuia, usitoe. Mwanafunzi aliyezoea kumeza madesa anajua namba 16 na 30, ila ukimuuliza namba hizo zikishuka anafanya nini, anakuangalia. Yale maneno 500 magumu ya twisheni sikuyakuta popote. Maneno madogo kama haya ndiyo yaliyokuwa yananikosesha maswali.

Hata wewe ambaye si nesi, leo ukilala tazama chupa ya dawa ya maji ya paracetamol uliyonayo kabatini. Zipo zilizoandikwa miligramu 120 kwa kila mililita 5, na zipo za 250 kwa kila mililita 5. Kijiko ni kile kile, dawa iliyomo ni zaidi ya mara mbili. Na kuna mstari unaosema usizidishe dozi nne ndani ya saa 24. Mama anayesoma mstari ule wote mpaka nukta, huyo ana kipaji cha ule mtihani ninaouongelea. Nasema kweli, sitanii.

Haya, turudi kwenye saa.

Baada ya kuanguka nilikaa miezi minne bila kugusa kitabu. Siku moja baba watoto wangu akaniuliza kwa nini sirudii. Nikamwambia sirudii kwa sababu wewe hujawahi kunipa saa moja. Akashangaa kweli, si kwa ubaya. Akasema, "Mbona nakuona unasoma kila siku?" Yaani alikuwa anaona simu mkononi, anadhani ndiyo kusoma. Na mimi sikuwahi kumwambia. Nilikuwa natarajia aone mwenyewe. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Tunakaa na hasira ya kitu ambacho hatujakiomba.

Tukakubaliana Jumapili. Saa tisa mchana anachukua watoto wote wawili anawapeleka kwa bibi yao, saa kumi na mbili wanarudi. Wiki ya kwanza mdogo alilia mpaka wakarudi saa kumi. Wiki ya pili mama mkwe alipiga simu kuuliza nepi ziko wapi, katikati ya kifungu cha pili. Wiki ya tatu nikazima simu, nikaiacha chumbani. Kuna majirani waliosema nimemfanya mume wangu yaya. Wakasema sana. Kupumzika kwao wao wanaume Jumapili kwenye mpira, hakuna anayekupa jina.

Tulipata Jumapili tisa. Siku hizo tisa ndizo zilizonipitisha, wala si ile miezi mitatu ya daladala.

Nilichokuwa nafanya ni kitu kimoja tu. Nakaa mezani, saa ya ukutani mbele yangu, pepa nzima ya mazoezi, dakika 60, sisimami hata kama nyumba inaungua. Dakika 20 kila kifungu. Zikiisha nahama hata kama sijamaliza, kwa sababu cha kwanza huwa rahisi na cha tatu ndicho kinachohitaji kichwa kizima. Majibu naandika moja kwa moja kwenye karatasi ya majibu. Ile ya karatasi haina dakika za ziada za kunakili kwenye kusoma, watu wengi wanachanganya na sehemu ya kusikiliza. Wakisema jibu lisizidi maneno mawili, naandika mawili. Matatu umekosa hata kama ni sahihi. Na tahajia inahesabiwa.

Saa ya pili ndiyo ilikuwa ya maana zaidi, na ndiyo wengi mnairuka. Narudi kwenye kila nililokosa natafuta sababu. Nilikuwa na daftari la shule la mtoto, la kurasa 40. Nimekosa hili kwa sababu neno silijui? Kwa sababu nimejibu kutoka kichwani badala ya karatasini? Au muda? Jumapili ya kwanza nilidhani tatizo ni maneno. Ilipofika ya nne daftari likanionyesha kwamba zaidi ya nusu ya makosa yangu ni yale ya kujibu kutoka kichwani. Nisingejua hilo maisha yangu yote kwa kusoma dakika nne nne.

Katikati ya wiki sikujisumbua sana. Nilikuwa nasoma kitu kimoja kifupi kwa siku, ukurasa mmoja, karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, au zile taarifa fupi za magonjwa za Shirika la Afya Duniani ambazo ni bure. Mazoezi ya bure yapo pia kwenye tovuti za mitihani yenyewe, ya IELTS na ya OET, na ndiyo ya kuaminika. Usiku hadithi ya watoto, ya Kiswahili. Nilijiuliza kama ile nayo inahesabika, nikaona acha tu, ni raha yangu.

Mara ya pili nikapata 7.5.

Sasa, najua swali linalofuata: mbona bado uko hapa? Nipo. Mtoto wangu mdogo bado mdogo, na matokeo yale yanakubalika kwa miaka miwili, kwa hiyo saa inahesabu na mimi bado sijaamua. Kuna siku nikitoka zamu nimebeba wagonjwa 40 peke yangu naona niondoke kesho. Kuna siku nafika nyumbani mtoto anakuja mbio mpaka getini, nasema siendi popote. Sitawadanganya kwamba nina jibu. Ila nataka, siku nitakayoamua, kisiwe Kiingereza ndicho kilichoniamulia.

Shemeji zangu mnaosoma humu, mke wako akiwa anajiandaa na mtihani wowote ule, usimwambie "nakuombea" kisha ukamwachia watoto. Chukua watoto, toka nao nje ya nyumba. Kuwa nao sebuleni haitoshi, kwa sababu mtoto akijua mama yuko chumbani atagonga mlango mpaka afunguliwe. Kama mume hayupo, au ndoa haipo, tafuta mtu mmoja: dada yako, jirani, mama mdogo. Mbadilishane. Wewe Jumamosi unashika wake, yeye Jumapili anashika wako. Manesi wawili wa wodi yetu wanafanya hivyo sasa, mmoja anajiandaa na OET, mwenzake anasoma shahada. Dada wa kazi akibaki na watoto, mlipe siku ile kama siku ya ziada, maana na yeye ana Jumapili yake.

Wewe uliye chuoni mwaka wa pili na huna mtoto, usisubiri. Saa unayoitupa leo kwenye simu, miaka mitano ijayo utaiomba kwa watu wanne. Anza na kitabu chako cha uuguzi, sura moja kwa wiki, kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kuruka, saa ikiwa mbele yako. Hata kama huna mpango wa kwenda popote, mtihani wa chuo utakuwa mwepesi na mwongozo wa wodini hautakutisha.

Mmoja ameniuliza ana mimba ya miezi saba, je, afanye sasa au asubiri ajifungue? Kama umeshajiandaa na afya iko vizuri, fanya sasa. Baada ya kujifungua jipe miezi bila kujilazimisha, maana usingizi wa vipande vipande na kifungu cha tatu haviendi pamoja. Ukifanya ukiwa unanyonyesha, nyonyesha au kamua kabla ya kuingia, weka pedi za matiti, na uliza mapema kituoni utaratibu wa mapumziko kati ya sehemu moja na nyingine. Mimi sikuuliza, mkajua kilichonipata.

Ijumaa tunarudi kwenye umanjano wa watoto wachanga, nimeona picha mlizonitumia. Yule mwenye mtoto wa siku mbili ambaye macho na nyayo zimekuwa njano, usisubiri Ijumaa, mpeleke hospitali usiku huu.